Pangaboi Lililopinda Kama Ndizi: Ndege za Kivita za Zamani Zinavyofanya Kazi

Video yenyewe ni ya sekunde kumi na nne. Ndege ya kijani na kahawia inakuja juu ya nyasi, inalala ubavu mbele ya watazamaji, inaonesha mgongo wake wote na kupotea nyuma ya miti. Nilipoituma kwenye kundi la familia, wa kwanza kujibu alikuwa baba mdogo, kutoka Tanga: "Mwanangu, hiyo imetengenezwa na kompyuta. Tangu lini pangaboi likapinda kama ndizi?"

Nikaitazama upya. Kweli, mapanga ya ndege yalikuwa yamepinda, na moja lilikuwa limeachana na pua kabisa, linaelea peke yake hewani. Shangazi akasema yeye aliwahi kuona video ambayo pangaboi limesimama kimya na ndege bado inaruka. Binamu akauliza zile bunduki za puani hupigaje bila kukata pangaboi. Mwingine akashangaa watu wanalipa kiingilio kwenda kutazama ndege za pangaboi, wakati sisi tunazipanda kwenda Dodoma, tena kwa manung'uniko.

Mimi ndege hiyo, Spitfire ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, nimeiona kwa macho yangu, nimesikia kishindo chake kifuani. Ilikuwa Jumapili ya kiangazi huko Old Warden, kijiji cha Bedfordshire nchini Uingereza, ambako shemeji yangu anayeishi Luton alinipeleka. Pale ndipo yalipo makusanyo ya Shuttleworth. Richard Shuttleworth alikuwa kijana wa familia yenye uwezo aliyependa magari na ndege za zamani. Alikufa mwaka 1940 akiwa mafunzoni ya urubani wa kijeshi, na mama yake akahakikisha mali ile inabaki kwa faida ya umma. Kiwanja ni cha nyasi. Watu wanakuja na viti vyao na chupa za chai, na ndege zinapita karibu kiasi kwamba unanusa moshi wake. Maonesho makubwa yana jeti na kelele nyingi. Haya madogo ndiyo yanayokuwezesha kuelewa kitu.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Ndege ya kivita ninayoizungumzia hapa ni ile ndogo, mara nyingi ya mtu mmoja, iliyoundwa kuwinda ndege nyingine angani. Ile kubwa ya kudondosha mabomu ni jamii nyingine. Pangaboi ni kile kinachozunguka puani, vitabuni huitwa rafadha, na kila jani lake moja nitaliita panga. Injini ya pistoni ni ndugu wa injini ya pikipiki: petroli na hewa huwaka ndani ya silinda, pistoni inasukumwa, na mwendo huo wa kwenda na kurudi unageuzwa kuwa mzunguko.

Pangaboi si feni

Wengi tunaamini pangaboi ni feni kubwa: linapuliza upepo nyuma, na upepo huo unaisukuma ndege. Si uongo, ila maelezo hayo hayakusaidii kuelewa lolote linalofuata. Afadhali ulifikirie pangaboi kama bawa.

Ukiwa kwenye daladala inayokimbia, toa mkono dirishani, kiganja kikiwa bapa, halafu inua kidogo ule upande unaotangulia. Mkono unarushwa juu. Bawa la ndege linaishi kwa hila hiyo hiyo. Sasa chukua bawa jembamba, lifunge puani kwa kulisimamisha, ulizungushe kwa nguvu. Lile lililokuwa likivuta juu sasa linavuta mbele. Upepo unaowapeperushia kofia waliosimama nyuma ya ndege ni upande wa pili wa jambo hilo hilo.

Panga la Spitfire ukilikaribia utaona limesokotwa. Karibu na kitovu limekaa kwa mwinuko mkali. Kwenye ncha limelala. Sababu yake ni mchezo tuliocheza sote tukiwa wadogo, wa kushikana mikono kwenye mstari na kuzunguka. Aliye katikati anageuka tu mahali pake, wa mwisho anakimbia roho mkononi. Ncha ya panga ndiyo yule wa mwisho, na kwa kuwa inakutana na hewa kwa kasi tofauti na kitovu, lazima ielekezwe tofauti.

Mwelekeo huo ndio unaofanya kazi ya gia. Spitfire ya kwanza kabisa iliporuka tarehe 5 Machi 1936 ilikuwa na pangaboi la mbao la mapanga mawili yasiyogeuka. Hilo ni gari lenye gia moja. Ukichagua gia ya kupandia Kitonga, ukifika tambarare unanguruma bure. Ukichagua ya tambarare, Kitonga itakukalisha. Baadaye yakaja mapangaboi ya pembe mbili, na katikati ya mwaka 1940, mapambano ya anga ya Uingereza yakiwa yamebisha hodi, mafundi wa kampuni ya de Havilland walipita viwanja vya jeshi wakiyabadilisha yale ya Spitfire na ya ndege mwenzake, Hurricane, ili mapanga yajitafutie pembe yenyewe huku injini ikibaki kwenye mzunguko uliochaguliwa na rubani. Ni gari la gia za otomatiki, puani mwa ndege. Watu husimulia mabawa ya Spitfire na ushujaa wa marubani. Kazi ile ya spana na grisi haisimuliwi sana, na kwangu ni dhuluma.

Mbona inayumba kama mlevi?

Kabla ya kuruka, Spitfire ilitembea kwenye nyasi kwa mwendo wa nyoka: kidogo kushoto, kidogo kulia. Shemeji aliamini usukani una hitilafu. Hapana. Pangaboi lake lina upana unaozidi mita 3, na likigusa ardhi kazi imekwisha. Kwa hiyo ndege inasimama pua juu, mkia ukikalia kigurudumu kidogo. Aliyeketi ndani, mbele yake haoni kitu isipokuwa kifuniko kirefu cha injini, kwa hiyo anapinda huku na huku ili achungulie pembeni. Wala hana muda wa kuzubaa, maana rejeta ziko chini ya mabawa na ndege ikiwa imesimama hazipati hewa ya kutosha. Ndege hizi na foleni haziivi. Ukiichelewesha chini inachemka kama gari bovu la Kariakoo saa kumi na moja jioni.

Akianza kukimbia ili aruke, kunakuja ugomvi mwingine. Umewahi kushika drili ya fundi ikakwama kwenye ukuta? Inataka kukuzungusha wewe. Injini yenye nguvu za farasi zaidi ya elfu moja inapolizungusha pangaboi upande mmoja, mwili wa ndege nao unasukumwa upande wa pili. Ongeza upepo wa pangaboi, unaorudi nyuma kwa kujisokota na kuupiga mkia ubavuni. Spitfire yenye injini ya Merlin, pua yake inataka kwenda kushoto, na rubani anaizuia kwa mguu wa kulia. Zile za baadaye zenye injini ya Griffon zinazungusha pangaboi kinyume, kwa hiyo zinataka kwenda kulia. Rubani aliyehama kutoka ya kwanza kwenda ya pili ilibidi aufundishe mguu wake upya, tena haraka.

Bunduki na injini inayozunguka

Swali la binamu ndilo bora kuliko yote, na liliwasumbua pia watu wa 1915. Rubani anapenda kulenga kwa kuelekeza ndege yote, kwa hiyo bunduki inapaswa kuwa mbele ya macho yake. Mbele ya macho yake kuna pangaboi. Mfaransa Roland Garros, ambaye leo uwanja wa tenisi wa Paris una jina lake, alijibu kwa mabavu: alifunga vipande vya chuma kwenye mapanga ili risasi chache zitakazoyagonga ziruke pembeni. Aliangusha ndege kadhaa Aprili 1915, kisha akalazimika kutua upande wa Wajerumani nao wakaichukua ndege yake. Muda mfupi baadaye, ndege za Fokker za Wajerumani zilikuja na jibu la akili zaidi.

Watu hudhani risasi zilipita katikati ya mapanga kwa bahati, au kwa sababu zina kasi mno. Hapana. Shafti ya injini ilifungiwa kipande chenye nundu, na nundu hiyo, kwa kila mzunguko, ilisukuma fimbo iliyofika kwenye bunduki. Ilipangwa isukume wakati panga limeshapita. Rubani akibonyeza kitufe anatoa ruhusa tu; anayefyatua ni injini. Spitfire na Hurricane za 1940 ziliukwepa usumbufu huo kwa kuweka bunduki nane kwenye mabawa, nje ya duara la pangaboi, ambako hakuna cha kukatwa. Risasi zake zilitosha sekunde 15 hivi za kupiga mfululizo. Ukishazoea bunduki za sinema zisizokwisha risasi, hiyo inashangaza.

Jioni upepo ulipotulia walitoa ndege za Vita vya Kwanza, na hapo mama mmoja nyuma yetu alijishika mdomo. Sopwith Camel ilikuwa inakuja kutua, na injini ikawa inazima na kuwaka: brrr, kimya, brrr, kimya. Ndege haikuwa na ubovu wowote. Injini ya Camel ni ya aina ambayo inazunguka yenyewe: shafti imefungwa kwenye mwili wa ndege haisogei, halafu silinda zote tisa zinazunguka pamoja na pangaboi, kama jiko la mkaa linalozungushwa hewani na mtoto ili liwake. Sababu ni joto. Silinda zikizunguka zinajipepea zenyewe, huhitaji maji wala rejeta, na ndege inabaki nyepesi. Lakini kuipunguza mwendo taratibu, kama unavyopunguza mafuta kwenye gari, ni taabu, kwa hiyo rubani anayetua ana kitufe cha kukata moto wa plagi na kuuachia, kukata na kuuachia. Chuma kizito kinachozunguka namna hiyo pia kina ubishi wake: Camel iligeuka kulia kwa wepesi uliotisha adui, na wepesi huo huo uliwaua wanafunzi wengi.

Halafu kuna harufu, tamu kidogo, unayoijua ila huwezi kuitaja mara moja. Ni mafuta ya nyonyo. Ndiyo, yale yale aliyokupaka bibi kichwani, au aliyokunywesha tumbo lilipogoma. Injini hizo zililainishwa kwa nyonyo kwa sababu hayachanganyiki kirahisi na petroli, na kwa kuwa hayakuwa na njia ya kurudi kwenye tangi, yalirushwa nje pamoja na moshi, usoni kwa rubani. Yaliyowapata matumboni nawaachia mkisie.

Sauti ya Merlin ni habari nyingine. Ina silinda 12 zilizopangwa safu mbili, na ukubwa wa lita 27. Chukua magari madogo kumi na manane ya lita moja na nusu, ondoa mabomba yote marefu ya moshi, halafu uyawashe pamoja. Nguvu zote hizo, mwaka 1940, zilikuwa na udhaifu wa kuchekesha: kabureta. Rubani akiinamisha pua ghafla, petroli ilirushwa juu ndani ya kabureta na injini ikakohoa, wakati Mjerumani aliyekuwa akifukuzwa naye, ambaye injini yake iliingiziwa petroli kwa pampu, aliendelea na safari. Aliyepunguza tatizo hilo mwaka 1941 alikuwa mhandisi Beatrice Shilling, mwanamke aliyekuwa pia akishindana mbio za pikipiki. Dawa yake ilikuwa kipande kidogo cha chuma chenye tundu, kilichowekwa kwenye njia ya petroli ili isifurike. Waosha kabureta wa bodaboda wangemwelewa bila mkalimani.

Ni ndege zenyewe, au za kuigiza?

Baba mdogo, aliposhindwa kwenye hoja ya kompyuta, alihamia hapa. Nikamuuliza kuhusu jahazi. Jahazi lililobadilishwa mbao za ubavu, kisha mlingoti, kisha mbao za chini, miaka arobaini mfululizo, bado ni lile la marehemu mzee? Akasema ndiyo, mradi halijawahi kuacha kuwa jahazi. Wenye ndege wanafikiri karibu hivyo hivyo. Ile Spitfire niliyoirekodi ina namba AR501, ilijengwa mwaka 1942 na ikarushwa na marubani wa Chekoslovakia waliokimbilia Uingereza. Ina vipande vipya, bila shaka. Lakini namba yake, kumbukumbu zake na mwili wake vinaendelea tangu 1942. Ile ndege ya SE5a ya Vita vya Kwanza waliyonayo, namba F904, iliangusha ndege ya Wajerumani tarehe 10 Novemba 1918, siku moja kabla ya bunduki kunyamaza.

Camel yao, kwa upande mwingine, imejengwa upya kabisa katika zama zetu kwa kufuata michoro ya zamani, na hawafichi. Kisha kuna ile ndege ya mabawa matatu ya Sopwith, nayo ya kujengwa upya na watu wa kujitolea. Thomas Sopwith, mwenye kampuni iliyounda zile za vitani, aliishi zaidi ya miaka mia moja. Kuhusu kazi ile alisema isihesabiwe kuwa nakala, ihesabiwe kuwa ndege iliyotoka kiwandani kwake kwa kuchelewa. Ukitaka kubishana naye, umechelewa wewe.

Na kwa kuwa tuko kwenye ubishi: Spitfire ndiyo yenye jina, lakini mwaka 1940 Hurricane ndizo zilizokuwa nyingi, na ndizo zilizoangusha ndege nyingi zaidi za Wajerumani. Nyuma ya rubani mwili wake ni kitambaa kilichovutwa juu ya fremu. Tundu la risasi liliweza kushonwa na kuzibwa, na kesho yake ndege ikaruka. Hurricane hizo zilifika hata kwetu: marubani wa Afrika Kusini walizirusha kutoka Kenya dhidi ya Waitaliano wa Ethiopia na Somalia mwaka 1940 na 1941. Naye Roald Dahl, ambaye baadaye alijulikana kwa hadithi za watoto, alikuwa kijana wa kampuni ya mafuta Dar es Salaam vita vilipoanza. Aliendesha gari hadi Nairobi kujiandikisha, akajifunza kuruka huko huko kwa Tiger Moth, na mwaka 1941 alikuwa kwenye Hurricane angani Ugiriki.

Sasa ya Dodoma. Ndege za abiria za Dash 8 na ATR zina pangaboi, lakini si ndege za kizamani, na pangaboi halimaanishi hatari. Ndani yake hakuna pistoni hata moja. Kuna injini ya tabaini, jamaa wa karibu wa injini ya jeti, isipokuwa nguvu yake nyingi inatumika kuzungusha pangaboi badala ya kutoka nyuma kama moshi. Kwa safari fupi na viwanja vifupi mpango huo unakula mafuta kidogo kuliko jeti. Ndege za kivita ziliachana na pangaboi kwa sababu moja kubwa, nayo ni kasi. Piga hesabu: pangaboi la upana wa mita 3, likizunguka mara 1,400 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu mita 220 kwa sekunde kabla hujaongeza mwendo wa ndege yenyewe. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ncha ikiukaribia mwendo huo, hewa inaanza kugoma: kelele inazidi, nguvu inapotea, na kuongeza moto ni kuchoma petroli tu. Jeti za kwanza, Meteor ya Waingereza na Messerschmitt Me 262 ya Wajerumani, ziliingia vitani mwaka 1944.

Limebaki lile la ndizi. Kamera ya simu haichukui picha nzima kwa mkupuo. Inasoma mstari kwa mstari, mfano wa mwalimu anayeita mahudhurio kuanzia dawati la kwanza hadi la mwisho. Mwanafunzi mtundu anayehama dawati majina yakiendelea kuitwa anaweza kuhesabiwa mara mbili, au asihesabiwe. Panga linalozunguka ndilo mwanafunzi huyo: simu imesoma mzizi wake likiwa hapa, inapofika kwenye ncha limeshahama, na picha inatoka imepinda. Na lile la shangazi, pangaboi lililosimama, ni hesabu tu. Simu ikichukua picha 30 kwa sekunde, na pangaboi la mapanga matatu likizunguka mara 20 kwa sekunde, basi katika kila picha panga moja limekaa pale pale lilipokuwa jingine kwenye picha iliyotangulia. Jicho linaona limeganda.

Jua likiwa kali simu inafumba na kufumbua haraka mno, ndiyo maana kila panga linaonekana wazi hivyo. Kwa hiyo ndege ilipopita tena nilimvua shemeji miwani yake ya jua, nikaiziba nayo kamera. Kwa giza lile simu ililazimika kuacha jicho wazi muda mrefu zaidi, na mapanga yakayeyuka kuwa duara hafifu, karibu kama tunavyoyaona kwa macho. Video hiyo nayo nikaituma kwenye kundi.

"Hiyo sasa ni ndege ya kweli," akajibu baba mdogo. Dakika mbili baadaye akarudi. "Lakini mbona haina pangaboi?"